Utoto wa dakika mbili hautoshi kwenye filamu ya mapenzi

Mhariri,

Filamu zetu nyingi za marafiki wa utotoni wanaokuja kupendana huharibikia mahali pamoja. Watoto wanakimbizana shambani, muziki unapigwa, kisha yanatokea maandishi "Miaka 15 baadaye". Baada ya hapo mtazamaji anatakiwa aamini mapenzi ambayo mizizi yake hakuonyeshwa.

Nawasihi waandishi na waongozaji wetu waitazame upya Love & Basketball ya Gina Prince-Bythewood, iliyotoka mwaka 2000. Imegawanywa robo nne, kama mchezo wa kikapu wenyewe. Robo ya kwanza ni Los Angeles, 1981. Mtoto Quincy anamsukuma jirani yake Monica uwanjani, binti anaanguka na kuchanika shavu. Kesho yake wanabusiana kwa sekunde 5 walizokubaliana, halafu wanashikana mashati kwa kuwa Monica hataki kupakiwa kwenye baiskeli ya Quincy. Hakuna kinachopotea hapo. Kovu linabaki hadi ukubwani. Ule ubishi wa nani amfuate nani ndio unaowaachanisha chuoni, Monica anapowahi muda wa timu kurudi bwenini na kumwacha mwenzake na matatizo ya nyumbani kwao. Hata dirisha lina kazi: wazazi wa Quincy wakigombana, yeye hupitia humo kuingia chumbani kwa Monica na kulala sakafuni. Ukaribu huo hauhitaji mazungumzo marefu.

Anayeandika aanze kwa kuchagua vitu vitatu vya utotoni: alama mwilini, mahali, na ugomvi usioisha. Kila kimoja kirudi angalau mara mbili, na kila kikirudi kiwe kimebadilika maana.

Kwenye uchaguzi wa mtoto na mtu mzima watakaoigiza mhusika mmoja, kufanana sura pekee hakutoshi. Tazameni mwendo, mkono anaotumia na namna anavyocheka. Mtoto akirusha mpira kwa kushoto na mkubwa wake kwa kulia, uongo umeonekana. Kovu nalo huhama shavu kwa sababu matukio hayarekodiwi kwa mpangilio wa hadithi. Mpambaji apige picha ya uso kila siku kabla ya kamera kuwashwa, na mtu mmoja akabidhiwe daftari la mwendelezo, la kuandika mambo yalivyokuwa katika kila tukio ili yasibadilike.

Kosa jingine ni kuwarekodi watoto mwishoni, pesa zikiwa zimekwisha. Waanze wao. Waigizaji wakubwa wakae pembeni wakiwatazama, ili wachukue kwao jinsi ya kununa, kushika kiuno na kukimbia.

Mdau wa filamu,
Morogoro