Barua kwa mwanangu kabla ya safari ya Kiwayu

Mwanangu mpenzi,

Assalamu aleikum. Sisi huku Lamu hatujambo, joto tu, na upepo wa kaskazi umeshaanza kuvuma. Mpango wenu, wewe na wenzako, wa kwenda kisiwa cha Kiwayu kwa mashua nimeusoma, nikamsomea na babako. Amekubali, na mimi nimekubali, ila siku tatu za kwenda Kiwayu na kurudi hazitoshi.

Kiwayu iko upande uleule unakotoka upepo wa msimu huu. Kwenda mtakuwa mnabisha, tanga linageuzwa kila mara. Kurudi ndiko upepo utawasukuma. Mtafika mmechoka, mmechomwa na jua, halafu kesho yake mgeuze kwa sababu ya basi la Nairobi? Ongezeni siku mbili, na tiketi za kurudi msikate kwanza.

Tena kuna maji. Mtapita Mkanda, pale pembamba kati ya kisiwa cha Manda na bara. Maji yakipwa mtakaa mkitazama mikoko mpaka yajae, na kutoka kupwa hadi kujaa ni kama saa sita. Kesho yake yanachelewa kwa dakika 50 hivi, kwa hiyo saa mliyopitia jana haiwafai leo. Babu yako, Mungu amrehemu, kabla ya safari aliuliza kwanza mwezi una siku ngapi. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupanda sana na hupwa sana, na fungu mlilopita juu yake asubuhi jioni liko wazi.

Ndiyo maana nataka mwende na jirani yetu. Mashua yake si mpya, lakini yeye ni mzaliwa wa Faza, kisiwani Pate, na mafungu yote anayajua. Wenzako wanaweza kumshawishi apite nje, bahari kuu, wakidhani ni njia fupi. Nje ya Pate mawimbi yanavunjika kwenye miamba; usiwaunge mkono. Akisema mtalala Faza, laleni Faza, shangazi yako atawapikia. Kiwayu si mbali na mpaka wa Somalia, kwa hiyo atauliza kwanza hali ya usalama. Akiambiwa hakuendeki, msibishane naye.

Nikuambie ninachokitamani hasa. Wenzako wanaijua Lamu ya picha, punda na milango ya nakshi. Wapeleke kwenye magofu ya Takwa, kisiwani Manda, maji yakiwa juu, maana kile kijito hakiingiliki yakipwa. Mji ule ulihamwa karne ya 17, na watu wa Shela bado huenda huko kuomba mvua. Mkiweza ingieni Siyu pia, huko Pate. Ngome wataiona wenyewe, haijifichi. Wewe waambie kwamba katika mji huo watu walikaa wakinakili misahafu kwa mkono, kwa wino mweusi na mwekundu. Nataka wakusikie wewe ukieleza, mtoto wa huku, wasingoje kusomewa na mgeni. Nimekulea ukiyasikia haya na sipendi yakae kimya ndani yako.

Kiwayu kwenyewe kumo ndani ya hifadhi ya bahari ya Kiunga, tangu 1979. Matumbawe msiyakanyage, na mkikuta nyayo za kasa mchangani usiku zimeni tochi, mkae mbali. Makombe yaacheni palepale.

Maji ya kunywa chukueni ya kutosha mtu na ziada, hata kama mashua italemewa kidogo; huko visiwani watu wanakinga ya mvua, msiende kuwamalizia. Mikate ya mofa nitaagiza mimi, na samaki mtanunua kwa wavuvi njiani.

Sasa waulize wenzako mmojammoja nani hajui kuogelea, na wasione haya kusema. Niletee jibu kabla ya Ijumaa, nikawatafutie jaketi za kujiokolea zinazowaenea, wewe pamoja nao, ijapokuwa unaogelea.

Mamako