Kotimiri ya roshani

Mwanangu Mwanaidi,

Asalaam aleikum. Sisi huku Ngamiani ni wazima, ila mama yako goti bado linamsumbua asubuhi. Hofu yetu ni kwako.

Ama baada ya salamu, nilipokuja Dar mwezi uliopita nilifungua friji lako kutafuta maji, nikakuta fungu la kotimiri kwenye mfuko limegeuka uji mweusi. Sikusema kitu kwa kuwa ulikuwa na wageni. Leo nasema. Anayepikia chungu kidogo kama chako ana haja ya vijiti vitatu tu vya kukatia kwenye maharage, na vijiti vitatu hakuna muuzaji atakayekupimia. Basi panda vyako.

Najua utasema huna shamba. Roshani yako inatosha, tena ile inayopata jua la asubuhi mpaka saa tano ndiyo hasa. Jua letu la pwani la mchana huiharakisha kotimiri kutoa maua. Majani yanakuwa membamba kama nyuzi na harufu yake inabadilika.

Mbegu usihangaike na za pakiti. Nenda duka la viungo lenye wateja wengi, ununue giligilani nzima isiyokaangwa, hiyo hiyo tunayotwanga ya mchuzi. Kila kidonge unachokiona ni mbegu mbili zilizokumbatiana. Zimwage mezani, upitishe chupa juu yake kwa mkono mwepesi zipasuke, usizisage. Zilowekwe usiku mmoja, kesho yake uzifukie kina kisichozidi upana wa kidole. Kisha subiri. Wiki nzima, pengine mbili, hutaona kitu, na usianze kufukua kuchungulia, nakujua.

Zipande palepale zitakapokaa. Mimi mwaka wa kwanza wa kustaafu niliziotesha kwenye kitalu, zilipofika urefu wa kidole nikazihamisha kama mtu ahamishavyo miche ya nyanya. Zikanuna. Hazikukaa sana zikaanza kutoa maua. Kumbe kotimiri ina mzizi mmoja mrefu unaoshuka moja kwa moja. Ukiusumbua, mmea unaona siku zake zimekwisha, unakimbilia kuzaa. Mama yako alicheka mpaka jirani akaja kuuliza kulikoni.

Kosa la pili nililifanya mwaka uleule: nilichomeka nanaa kwenye karai moja na kotimiri. Nanaa ni kama mpangaji aliyeomba chumba kimoja, ukija kushtuka uwanja mzima ni wake. Mizizi yake hutambaa chini kwa chini. Ipe kopo lake peke yake. Kuipata ni rahisi: chukua kijiti kibichi sokoni, toa majani ya chini, kitie kwenye glasi ya maji dirishani, na baada ya siku chache utaona mizizi myeupe.

Chombo ni chochote, hata ile ndoo yako iliyovunjika mkono, ilimradi uitoboe matundu chini. Changanya udongo, mchanga kidogo na samadi iliyokwisha kuoza. Mbichi huunguza mizizi.

Maji ndiyo yanayonitia wasiwasi. Ya kile kisima cha jengo lenu niliyaonja, yana chumvi, na chumvi itakuachia majani yenye kingo za kahawia. Tumia maji uliyooshea mchele au mboga. Ya vyombo hapana, yana sabuni na mafuta.

Kotimiri ikisimama vizuri, baada ya wiki tano au sita anza kukata. Kata vijiti vya nje, moyo uache. Majani uyatie chungu kikishaepuliwa, la sivyo unapika nyasi. Vishina usitupe: vitwange na kitunguu saumu, pilipili na chumvi, umpake samaki kabla ya kumkaanga. Na kila baada ya wiki mbili tatu panda kopo jingine, maana kotimiri haikai, ikishazaa imekwenda.

Mama yako anasisitiza nitaje mrehani. Anautaka kwa ajili ya vikuba, vile vishada vya kunukia vya kujipambia, si mchuzi. Nimeutaja.

Nimekufungia mzigo, utaupokea stendi ya Mbezi Jumamosi. Dereva nitampa namba yako. Ndani mna mashina manne ya mchaichai yenye vitako, nimeyazungushia gazeti lililoloa. Ukifika nyumbani yatie kwenye maji siku hiyohiyo, yakitoa mizizi uyape ndoo kubwa pale kwenye ukingo wa roshani penye jua zaidi, kwani yatatanuka. Majani yake hukata vidole, tumia kisu. Ya chai yafunge fundo kabla ya kuyatumbukiza, yasikusumbue wakati wa kuchuja.

Gazeti usilitupe kabla hujalikunjua. Mbegu za mrehani ziko ndani.

Baba yako