Taa ya Actaeon haikuchongwa kwa mkono

Mhariri,

Makala yenu kuhusu taa ya kale ya udongo yenye picha ya Actaeon, mwindaji wa hadithi aliyegeuzwa kulungu, akishambuliwa na mbwa wake ilimsifu Mgiriki aliyeichonga. Hadithi ni ya Wagiriki, sawa, lakini taa ni ya Kirumi. Taa za Athens ya karne ya tano K.K. zilifinyangwa kwenye gurudumu, na tundu la kutilia mafuta lilikuwa pana mno kuacha nafasi ya picha. Kisahani cha juu chenye picha kilienea Italia tangu zama za mfalme Augusto.

Wala haikuchongwa moja moja. Fundi alitengeneza kielelezo kimoja, akakitolea kalibu mbili za plasta au udongo, ya juu na ya chini. Udongo ulishindiliwa kwa vidole ndani ya kila kalibu, ukaachwa ushike kidogo, kisha vipande vikaunganishwa kwa uji wa udongo. Ndipo yakatobolewa matundu: la mafuta kwenye kisahani, la utambi mdomoni. Fundi makini alilisogeza la mafuta penye nafasi. Mwenye haraka alilipitisha kwenye paja la Actaeon. Tundu hilo, basi, si uharibifu wa baadaye kama mlivyoandika.

Udongo husinyaa ukikauka na kuchomwa, takriban sehemu moja ya kumi. Karakana nyingine zilichukua taa iliyokwisha kuchomwa zikaifanya kielelezo. Nakala ilitoka ndogo zaidi, na pembe zinazochipuka kichwani mwa Actaeon zikabaki vinundu tu. Picha kufifia si lazima iwe imechakaa.

Wanunuzi nao hutafuta masizi mdomoni, wakidhani ndiyo hati ya ukale. Masizi hupatikana kwa kibiriti na dakika chache, na taa nyingi halisi ziliwekwa makaburini bila kuwashwa. Cha kuuliza kwanza ni karatasi: ilichimbwa wapi, na ilitoka nchini humo kwa kibali gani?

Ule ushauri wenu wa kuisugua taa kwa siki, tafadhali ufuteni. Ukoko mweupe ni chokaa na siki huila, ila chokaa imo pia ndani ya udongo wa taa nyingi, kwa hiyo uso wa taa hulika pamoja na ukoko. Isijazwe mafuta pia. Udongo hunyonya, na mabaki ya mafuta ya zeituni au shahamu ya zamani, ambayo maabara ingeweza kuyatambua, huchanganyika na mafuta ya dukani.

Msomaji,
Tanga