Barua kwa kampuni iliyoniuzia chumba ikaniletea maboksi

Kwa meneja wa mauzo,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU CHUMBA CHA KUSIKILIZIA MUZIKI, LAMU

Assalaam aleikum. Hii ni barua ya tatu. Ya kwanza mlijibu kwa kikatuni cha mikono miwili imefumbatana, ya pili hamkujibu kabisa, sasa hii nimekaa kitako nikaiandika yote kwa mpigo mmoja, ikiwa ndefu mnisamehe, na mkiweza mpeni mtu mzima aisome.

Nianze na pesa maana hapo ndo tutaelewana haraka. Invoisi yenu ina mistari mitatu: spika jozi moja, paneli 24 za ukutani, na "usanifu wa chumba pamoja na kupima" shilingi 185,000. Spika nimeziona, paneli nimeziona (nane ziko sakafuni hivi sasa naandika), ila huo mstari wa tatu sijauona mpaka leo. Hakuna aliyekuja, hakuna maiki iliyosimamishwa, hakuna hata aliyepiga simu kuniuliza ukuta wangu ni wa nini.

Mimi nimekuwa fundi wa mitambo kwenye meli miaka 19. Ukikaa injini rumu miaka yote hiyo ukirudi nyumbani masikio yanataka kitu kimoja tu, utulivu, halafu ndani ya huo utulivu usikie udi ukipigwa mpaka risha inavyokwaruza waya. Ndo nikasema chumba cha ndani cha nyumba ya bibi huku mtaa wa Mkomani nitakifanya cha muziki tu, hakuna tv, hakuna kuanika nguo, hakuna magunia ya mchele. Mke wangu alikubali shingo upande. Nawaambia haya mjue hii pesa haikuokotwa.

Vipimo niliwatumia mimi mwenyewe kwa WhatsApp kabla sijalipa hata senti. Urefu mita 6.2, upana 2.8, kwenda juu 3.1, ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa unene kama nusu mita, dari ya boriti, ukuta mmoja mrefu una zidaka, vile vishimo vya kuwekea vyombo. Na picha 11. Kijana wenu akajibu "poa boss, tumeiweka". Sasa sijui mliiweka wapi, maana mchoro uliokuja baada ya wiki mbili ni wa chumba cha mita 5 kwa 7, dari ya jipsamu, mlango wa kioo wa kusukuma, na nje pembeni kuna parking ya magari mawili. Parking! Mkomani! Huku vichochoroni punda wawili wakikutana na mizigo mmoja lazima arudi nyuma. Huo mchoro ni wa mtu mwingine, pengine wa nyumba huko kwenu Nairobi, mmefuta jina lake mkaandika langu na hata hamkufuta vizuri, herufi mbili za mwisho bado zinaonekana chini ya langu.

Halafu mchoro unasema spika zikae mita 3 kutoka moja hadi nyingine. Chumba changu upana wake mita 2.8. Niziweke wapi, moja kwa jirani?

Na huo upana sio kwamba nimependa mimi. Nyumba zetu za kale upana wa chumba unaamuliwa na boriti, ni mti wa mkoko, ukitaka uende mrefu zaidi hauwezi kubeba ile dari nzito ya mawe na chokaa, ndo maana vyumba vya Lamu ni virefu vyembamba kama jahazi. Hili mtoto yeyote wa hapa analijua. Mtu anayeuza "usanifu wa chumba" kwa 185,000 alipaswa angalau kuuliza.

Sasa tuje kwenye besi, hapa mnivumilie maana hapa ndo roho yangu ilipo. Siku ya kwanza nimewasha, nyimbo zingine ziko safi, nyingine gita la besi likifika noti fulani chumba kizima kinarindima kama ngoma imefungiwa ndani ya pipa, vikombe kwenye kidaka vinatetema, mama mkwe akaja mlangoni, "mwanangu, yeo wataka kutubomolea nyumba?" Nikampigia kijana wenu akaniambia spika mpya zinataka kuzoea, zipige masaa mia mbili. Nikazipiga. Noti ni ile ile.

Nikaona ngoja nipime mwenyewe. Nikanunua maiki ndogo ya kupimia, nikashusha REW, ile programu ya bure ya kupimia chumba, na mpwa wangu anaesoma Mombasa akanionyesha kuitumia. Mlima unaonekana wazi kwenye grafu, hezi 56 (yaani mitetemo 56 kwa sekunde), umepanda desibeli 14, kipimo cha ukubwa wa sauti, juu ya jirani zake. Na sababu yake ni hesabu ya shule tu. Kwa joto letu la nyuzi 30 sauti inakwenda kama mita 349 kwa sekunde. Kuta mbili zinazotazamana zinalishika wimbi ambalo nusu yake inaenea kamili katikati yao, basi juu na chini yangu, mita 3.1, inatoa hezi 56. Urefu wa 6.2 unatoa 28, na mara mbili yake ni 56 tena! Urefu wa chumba changu ni mara mbili kamili ya kimo chake, kwa hivyo sakafu na dari zinasukuma noti ile ile ambayo kuta za mbele na nyuma zinaisukuma. Upana nao uko hapo hapo kwenye 62. Yaani tatu zimekaa kwenye kiti kimoja. Mtu wa kazi hii akiona vipimo vyangu anatakiwa aliseme hilo kabla chai haijapoa, na vipimo mlikuwa navyo kwenye simu.

Nyinyi mkaniuzia sponji. Paneli 24 za sponji unene sentimita 5. Wimbi la hezi 56 lina urefu wa kama mita 6.2, na sponji ikiwa imebandikwa ukutani, ili ilishike vizuri inatakiwa iwe nene karibu robo ya wimbi, yaani mita moja na nusu. Sentimita 5 zinanyonya sauti za juu tu, basi baada ya kubandika chumba kikawa kiziwi huko juu na huku chini ngoma bado inarindima, kibaya kuliko mwanzo. Ni kama kwenda kuzuia mawimbi ya kusi kwa wavu wa uduvi.

Mchoro wenu tena unasema kiti kikae kimegusa ukuta wa nyuma. Ukutani ndo besi inapojaa kuliko popote! Mimi nimekivuta kiti mbele mpaka mita 1.55 kutoka ukuta wa nyuma, robo ya chumba, hapo lile wimbi la urefu linajifuta, na mlima ukashuka kutoka 14 hadi 8. Bure. Hakuna shilingi iliyotoka. Halafu nikaazima magodoro ya sufi, mawili ya shangazi na mawili ya jirani, nikayasimamisha kwenye pembe, ukashuka hadi 6. Shangazi ameshayadai magodoro yake mara tatu.

Na hili la magodoro msilicheke. Kuna mwanafizikia wa chuo cha Harvard huko Marekani, Wallace Sabine, mwaka 1895 alipewa kazi ya kurekebisha ukumbi wa mihadhara ambao neno likitoka mdomoni lilibaki linazunguka zaidi ya sekunde tano. Alichofanya ni kubeba mito ya viti kutoka ukumbi mwingine usiku, anaipanga, anapiga filimbi ya kinanda, anahesabu kwa saa inachukua muda gani sauti kufa, na kabla asubuhi mito inarudishwa ilikotoka. Kwa mito hiyo ndo ikapatikana ile kanuni ya kukadiria sauti itachukua muda gani kufa ndani ya chumba, inayotumika duniani kote mpaka leo, na yeye ndo akaja kushauri ukumbi wa muziki wa Boston uliofunguliwa 1900. Alikwenda akapima. Nyinyi mna maiki, mna kompyuta, mna gari lenye stika, mmeshindwa kutoka ofisini.

Niendelee na paneli. Mchoro unataka zibandikwe kuta zote mbili za pembeni sawasawa. Tukafanya ile ya kioo na mpwa wangu, mimi nimekaa kwenye kiti yeye anatembeza kioo cha mama yake ukutani, pale nitakapoiona tuwita (kile kispika kidogo cha sauti za juu) ndani ya kioo ndipo sauti inapogonga kwanza ikija kwangu. Upande wa kulia sawa, ukuta mtupu. Upande wa kushoto akafika kwenye zidaka akasimama, "mjomba hapa kioo hakilali." Hakilali kwa sababu ni vishimo vishimo vya nakshi, safu juu ya safu, vinaitawanya sauti vyenyewe, kuna watu wanalipa pesa ndefu kuchongewa mbao zifanye kazi hiyo na mimi nimeachiwa na marehemu bibi. Na mchoro wenu unataka niifunike kwa sponji nyeusi.

Gundi yenu sasa. Fundi mliyenielekeza kwa simu aliniambia "pakaza tu inashika". Ukuta wa chokaa unapumua, una unyevu na chumvi, gundi ilishika siku nne. Usiku wa tano saa nane tukasikia puu! halafu puu! mama mkwe akaanza kusoma Ayatul Kursi akidhani ni mengine. Nikawasha taa, paneli iko chini kifudifudi, nikaigeuza, mgongoni imebeba kipande cha chokaa kama sahani ya biriani, mpaka jiwe la tumbawe linaonekana ukutani. Zimeanguka nane mpaka sasa, na tano zimetoka na ukuta. Hapo siwezi kuziba kwa simenti kama mlivyonishauri, simenti inafungia unyevu ndani na ukuta unazidi kubomoka, halafu huu ni mji uliomo kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2001, nyumba za mawe hazikarabatiwi ovyo. Nataka fundi wa chokaa, na fundi wa chokaa ana bei yake.

La mwisho ni tuwita ya spika ya kushoto, imebonyea kama imeguswa na kidole gumba. Mnasema ni hamali wetu wa gatini. Mimi nilikuwa Mokowe, gati ya upande wa bara, mwenyewe boksi zikishuka kwenye lori, nikapanda nazo boti, nikatembea nyuma ya hamali mpaka mlangoni, hakuna aliyeangusha kitu. Boksi la kushoto lilikuwa na gamu tepu mbili, ya kahawia juu ya nyeupe, na kwenye tundu za miguu ya spika kulikuwa na nyuzi nyekundu za zulia. Mimi sina zulia jekundu. Picha zote nimeambatisha, ile ya zulia ikuzeni muione vizuri. Invoisi inasema mpya.

Ninachotaka ni hiki. Mnirudishie 185,000 ya kupima ambako hakukupimwa. Mchukue paneli zote 24 mrudishe pesa yake, zilizoanguka na zisizoanguka. Mlipe fundi wa chokaa, makadirio yake nimeyaweka pamoja na picha. Na mniletee tuwita mpya. Spika zenyewe sizirudishi, nisiwe mwongo, ni nzuri, jana usiku nimesikiliza kanda za marehemu baba alizorekodi harusini, kuna mahali mtu anakohoa nyuma ya mpiga nai, kikohozi ambacho miaka yote sikuwahi kukisikia, mama akasema huyo ni ami yako.

Nawapa siku 14. Ibara ya 46 ya Katiba inampa mteja haki ya bidhaa na huduma za ubora unaofaa, na sheria ya kumlinda mteja ipo tangu 2012, mwanangu mdogo ni wakili na hana kazi nyingi mwezi huu. Lakini sipendi tufike huko.

Au mkitaka tuimalize kwa wema, mtumeni mtu aje apime kweli, na maiki yake. Atalala kwetu, atakula kwetu. Aje maji yakiwa yamejaa maana yakitoka ngazi za gati zinateleza, na mwambieni asiulize parking iko wapi.

Wenu mteja,
Mkomani, Lamu