Chandarua peke yake hakitoshi Ahero

Mhariri,

Mbu jike wa Anopheles arabiensis, aina ya mbu anayeeneza malaria na anayezaliana katika majaruba ya mpunga hapa Ahero, Kaunti ya Kisumu, hunyonya damu ya ng'ombe na ya binadamu pia, na mara nyingi huuma nje ya nyumba tangu jioni, kabla watu hawajaingia ndani ya vyandarua. Juzi, tukiwa bado tunasonga ugali uani, nilimuua mmoja kwenye kifundo cha mguu wa mwanangu, tumbo limejaa damu. Naiomba serikali ya kaunti, pamoja na kugawa vyandarua, ambavyo kwa hakika vimeokoa maisha ya wengi, ishughulikie pia viluwiluwi vya mbu majarubani, hasa majuma ya kwanza baada ya miche kupandikizwa.

Mkulima wa mpunga,
Ahero