Bileti ya ndoa yenye haisomeki: pesa ya maketi ni ya nini

Kila musimu wa ndoa tunasikia neno ile ile hapa kwa emprimeri ju ya maketi, ni kusema kazi ya kupanga herufi mbele ya kuchapa: "Munatuibia, majina mbili tu munaomba dola 15 ya maketi, na mutoto wa dada yangu anaifanyaka bure kwa simu." Juzi tena mama moja wa Kadutu, hapa Bukavu, alikuwa ameshalipa avansi, kuona maketi kwa fakitire akatoka na kasirani akisema sisi ni wezi. Mama, tunakuheshimia sana, lakini ile neno ilituumiza, basi tueleze mara moja kwa wote.

Ile maandishi munapendaka, ya mukono, yenye kulala kidogo kuume, herufi zimeshikana na zile kubwa ziko na mikia inazunguka, ilitoka kwa walimu wa mwandiko wa Uingereza, wakati wa kalamu ya manyoya: ukishuka unakandamiza, mustari unanenepa, ukipanda unaachilia, unabaki mwembamba sawa unywele. Charles Snell alikuwa moja wao, mwisho wa miaka ya 1600, na mwandiko wake njo Matthew Carter, fundi wa kuchora herufi, alifuata mwaka 1965 kutengeneza fonti (aina ya herufi za kuchapa) ya Snell Roundhand, wakati herufi zilianza kupangwa kwa picha, ju zamani, kwa herufi za chuma ya risasi, kila herufi ilikuwa na kipande chake na kuziunganisha vile ilikuwa mateso. Fonti ingine ya vile, Edwardian Script ya Ed Benguiat, ilitoka 1994, wengi munatuonyeshaka hiyo kwa simu bila kujua jina yake. Ule mustari mwembamba na pale herufi zinashikana njo uzuri wote, na njo kazi yote iko pale.

Sasa mutoto wa dada anafanya nini? Anaona nafasi imebaki, anavuta maneno ipanuke, herufi zinaachana, mukia wa moja unabaki hewani. Kisha anatuma skrinshoti kwa WhatsApp, WhatsApp inapunguza picha, tukiichapa kwa bristol, ile karatasi nene ya bileti, mistari myembamba inakatika katika na munasema mashini yetu ni mbovu. Ama anachukua fonti ya bure yenye haina é wala ç, Béatrice anatoka na herufi moja ya fonti ingine katikati ya jina yake, siku ya ndoa yake!

Kubwa kuliko yote ni jina ya familia. Siye Wakongomani toka shule tumezoea kuliandika lote kwa herufi kubwa, na kwa karatasi ya serikali iko sawa. Lakini andika BAHATI yote kwa herufi kubwa za Edwardian uone: B iko na mukia, A iko na wake, H nayo, zinapandana, hakuna mutu anasoma. Zile kubwa zilitengenezwa zikae mbele, ndogo zifuate. Papa wa bibi arusi anakasirika, anasema tunapunguza ukoo wake. Hapana papa, hatupunguze. Tunaweka jina ya ubatizo kwa mwandiko, na chini yake jina ya familia kwa herufi kubwa za kusimama, ndogo kidogo, zimeachana kidogo. Tulifanyia familia moja ya Bagira hivyo, yule muzee alikuwa amekataa kabisa, alipoona ya kwanza imechapwa akaomba zingine za kupeleka kijijini.

Familia ingine walienda kwa bei ya chini, kila kitu kwa mwandiko, hata sale, saa, na namba ya simu, na ndogo ndogo. Wageni walipiga simu juma yote kuuliza ni saa 1 ao saa 7. Walikuja kwetu usiku tuwachapie kikaratasi cha kutia ndani ya kila anveloppe, walilipa mara mbili. Saa na fasi ya sherehe tunaandikaka kwa herufi za kawaida, usitulazimishe.

Na wenye saloni munaotaka jina kwa kioo cha mulango, ile adezifu, plastiki ya kubandika, inakatwa na kisu cha mashini. Herufi zikishikana bila kuunganishwa kwanza kwa kompyuta ziwe kitu moja, kisu kinapita pale zinapandana na jina inatoka vipande vipande. Tunaunganisha, kisha tunanenepesha ile mistari myembamba, ju ukipangusa kioo mara kadhaa inabanduka. Hiyo saa yote mukliya haioni, anaona tu jina yake.

Kwa hiyo dola 15 ni ya mutu mwenye kukaa na jina yako, kuangalia herufi moja moja ginsi inashika ingine, kujaribu (fonti ya Bickham Script peke yake iko na namna mingi za herufi ile ile), kisha kuchapa moja kwa bristol yenyewe, si kwa karatasi ya fotokopi. Ile moja njo unasaini. Kosa ikiwa yetu tunachapa upya bila pesa. Ukisaini na jina iko na kosa, unalipa karatasi.

Majina mutume kwa mesaji ya kuandika, na aksan zake zote, hapana foto ya karatasi. Ndoa za Desemba, avansi mbele ya mwisho wa Oktoba, umeme ikikatika hatuna namna ya kukimbiza.