Barua kwa Mama Rehema, Kigoma

Magomeni, Dar es Salaam
9 Desemba 1979

Mpendwa dada yangu Mama Rehema,

Salamu nyingi, na baada ya salamu naomba radhi kwa kimya changu cha tangu Ramadhani. Sisi hatujambo, isipokuwa shemeji aliyeondoka na mgambo bado hajarudi kutoka vitani Uganda, na mama mkwe kila jioni huikumbatia redio kana kwamba mtangazaji atamtaja mwanawe kwa jina.

Dhumuni la barua hii ni sabuni. Usicheke. Majeshi yetu yaliiteka Kampala tarehe 11 Aprili, lakini mimi hadi leo sijafanikiwa kuuteka hata mche mmoja. Juma lililopita nilitoka zamu ya usiku kiwandani, nikapitiliza hadi duka la kaya, hili letu la mgawo, nikaikuta foleni ya mawe: kila jiwe lina mwenyewe, naye yuko nyumbani anakoroga uji. Jiwe langu, ambalo Saidi aliliweka tangu jioni, lilikuwa limesogezwa hadi mwisho, na aliyelisogeza unamjua, ila sitamwandika. Nilisimama mpaka saa nne, nikapewa sukari nusu kilo na kuambiwa kwamba sabuni imekwisha, ilhali balozi wa nyumba kumi alikuwa ametuandika sote katika daftari lake. Habari ya mafuta ya taa nayo... basi, tuiache.

Sasa ninafua kwa majani ya mpapai. Jasho linatoka, lakini sare yangu imeingia ukijani, hata msimamizi akaniuliza kama nimehamia jeshini. Tena usiku kucha ninasimamia mashine ya khanga, na asubuhi ninajifunga ile ile iliyochanika.

Ndiyo maana ninakuomba gwanji, ile sabuni yenu ya mawese. Kwa kuwa huko mafuta hayo yapo na akina mama wanaipika wenyewe, nitafutie vipande sita, umpe mtu wa kuaminika anayekuja kwa treni, nami nitakurudishia kitambaa chenye kasoro tunachouziwa kazini. Mwalimu Nyerere alituomba tufunge mikanda kwa miezi 18. Nimeufunga wangu, lakini mkanda nao unachafuka.

Je, chumvi ya Uvinza inafika mjini? Rehema ameanza shule? Yule fundi bado anakudai? Na hiyo gwanji inafaa kwa nepi, au itambabua mtoto? Nijibu upesi, maana mdogo wangu anajifungua mwezi ujao.

Wako,
Mama Saidi